Tanga siku tatu na baba mdogo: naipa 4 kati ya 5, na moja niliyokata nina sababu

Naanza na maksi kabisa ili asiye na muda asihangaike kusoma yote. Tanga mjini naipa 4 kati ya 5, ila kati ya hizo 4 kama 2 hivi ni za baba mdogo wangu, sio za mji, maana bila yeye ningepiga picha mbili baharini, nikala samaki, nikarudi zangu Dar nikasema Tanga pametulia tu hamna kitu. Na hilo ndo tatizo la Tanga, historia imejaa mpaka inamwagika lakini mji wenyewe haujui kujiuza, unapita mbele ya jengo la miaka mia na ushee unaona kama godauni la mtu.

Baba mdogo alikuwa kuli bandari ya Tanga miaka ya themanini, akaja kuhamia Dar kwa mambo ya familia na hakuwahi kurudi zaidi ya kwenye misiba. Mwezi uliopita nikamwambia baba mdogo twende tukatembee, akaniuliza msiba wa nani.

Basi tukaondoka stendi ya Mbezi. Tiketi inasema saa 12 asubuhi, gari imetoka saa 1 na nusu, na siti yangu ilikuwa imeuzwa mara mbili, konda ananiambia "kaka vumilia mpaka Chalinze kuna mtu anashuka", Chalinze hakushuka mtu. Sitaji jina la basi, nasema tu kama unaenda Tanga kwa raha zako usipande gari la kwanza unaloitiwa na wapiga debe, ingia ofisini kabisa ukate tiketi na uangalie namba ya siti. Umbali ni kama kilomita 350, ukihesabu na kusimama kula unafika mchana.

Ila ukishafika Segera ukakata kulia kuelekea Muheza unasahau yote, maana hapo ndo mkonge unaanza kuonekana, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Baba mdogo akaanza somo. Mkonge sio mmea wa kwetu, aliuleta Mjerumani mmoja anaitwa Richard Hindorf mwaka 1893, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida kule Marekani, ikazungushwa kwa meli mpaka Hamburg ndo ikaja huku, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Sitini na mbili! Hiyo 62 ndo ikapandwa upande wa Pangani ikazaliana, mpaka nchi inapata uhuru sisi ndo tulikuwa vinara wa dunia kwa mkonge, na mwaka 1964 zilivunwa kama tani 230,000. Halafu ikaja kamba ya nailoni, bei ikalala, na mashamba yakataifishwa, kila mmoja anakuambia sababu yake kulingana na chama chake. Mi nilikuwa naujua mkonge kwenye kamba ya mbuzi tu.

Kituo ni Kange, nje ya mji kidogo, unachukua daladala au bajaji kuingia mjini. Bajaji wa Kange wanakuangalia begi kwanza ndo wanataja bei, kwahiyo mwenye begi la magurudumu ajiandae.

Gesti sasa. Hapa ndo nusu ya ile maksi moja ilikokatika. Kwenye picha mtandaoni chumba kina shuka nyeupe, dirisha linaona bahari, kiyoyozi. Kufika, dirisha linaona ukuta wa jirani, kiyoyozi kinanguruma kama mashine ya kusaga, na maji ya bafuni yanatoka saa yanazotaka yenyewe. 35,000 kwa usiku. Nikaenda mapokezi na hasira zangu zote, dada wa watu akanisikiliza mpaka mwisho akasema "pole sana kaka yangu, yaani pole mno, ngoja nikuletee ndoo mbili za maji ya moto na chai", na kwa sauti ile ya kitanga ya kuvuta maneno nikajikuta namwambia asante wala usijali. Nimerudi chumbani ndo nakumbuka nilienda kulalamika. Watu wa Tanga ndo walivyo, wanakunyima kitu kwa heshima mpaka unawashukuru. Kwa hela ile ile mtaa wa pili kuna gesti tulihamia siku iliyofuata ilikuwa safi kabisa, kwahiyo nenda ukaone chumba kwa macho ndo ulipe, achana na picha.

Mji wenyewe ni mwepesi kuzunguka. Ngamiani, yaani uswahilini ambako maisha yote yapo, mitaa haina majina ya wakubwa, ina namba, barabara ya kwanza, ya pili, hivyo hivyo mpaka ishirini na moja, ukijua kuhesabu hupotei. Na baiskeli. Jamani baiskeli! Watu wazima wamevaa kanzu wako kwenye baiskeli, mama kabeba mtoto nyuma, mwanafunzi kampakia mwenzake mbele, na mji ni tambarare kwahiyo hata mimi mwenye kitambi niliazima moja nikaendesha mpaka ufukweni bila kuhema. Kama kuna kitu kimoja tu utafanya Tanga basi tafuta baiskeli, gari inakupitisha haraka mno.

Upande wa pili wa reli na karibu na bandari ndo mji wa Wajerumani. Wao walifanya Tanga kuwa mlango wao, reli ya kwanza kabisa ya koloni lao la huku ilianzia hapa mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, ikaenda kidogo kidogo inaishiwa hela inaanza tena mpaka ikagusa Moshi 1911. Boma lao la zamani sasa ni makumbusho ya Urithi Tanga. Ingieni humo kwanza kabla hamjazunguka, usifanye kama sisi tulioenda mwisho. Sio pakubwa, lakini kuna picha za zamani za mji ule ule uliotoka kuupita, unaona mtaa ukiwa mtupu una punda na watu wa kanzu halafu unatoka nje unaona mtaa ule ule una duka la simu. Baba mdogo alisimama kwenye picha moja ya bandari kama dakika kumi hivi, nikajua ashaondoka huyu, nikaenda kununua maji.

Sasa bandari. Hii ndo sehemu ambayo hakuna atakayekuambia ukienda peke yako. Tulisimama juu kule karibu na Bombo ambako mji umeinuka na bahari iko chini, ghuba yote unaiona, kisiwa cha Toten kiko katikati kimejaa miti. Kisiwa kile ndo palikuwa na makazi ya zamani, kuna magofu ya misikiti, na jina lake ni la Kijerumani maana yake wafu. Nikamuuliza baba mdogo ulikuwa unafanya kazi gati namba ngapi, akacheka. Akasema wewe, Tanga meli zilikuwa hazifiki gatini. Kina cha maji gatini kilikuwa kama mita 3 tu, meli kubwa inaingiaje? Kwahiyo meli inatia nanga huko nje kama kilomita 1.7 kutoka gatini, halafu mizigo inashushwa kwenye matishari, tishari ni lile jahazi la chuma bapa lisilo na injini, linavutwa na tagi, yaani boti ya kuvutia, mpaka ufukweni, hapo unashusha tena. Mzigo mmoja unabebwa mara mbili. Robota la mkonge, gunia la mbolea, kahawa, vyote mara mbili, na bahari ikichafuka tishari linacheza na wewe uko ndani na kulabu yako mkononi. Alininyooshea kidole akanionyesha kovu kwenye kiganja ambalo miaka yote nilidhani ni la jiko.

Na hiyo hali imekaa hivyo mpaka juzi juzi tu, mradi wa kuchimba ndo umepeleka kina mpaka mita 13 na gati la mita 450, shilingi bilioni 429.1 zimetumika, meli sasa zinakuja zinaegesha ubavuni kama kawaida ya bandari nyingine. Siku hiyo kulikuwa na meli imefunga pale, winchi zinafanya kazi, watu wachache tu wanaonekana. Baba mdogo akahesabu watu kwa sauti, akafika 11, akasema "sisi tulikuwa tunaingia mia kwa shifti". Sikujua amefurahi au amechukia. Ng'ambo ya ghuba ni Chongoleani, linakoishia lile bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima Uganda, kilomita 1,443, kwahiyo mnaosema Tanga imelala mwaka huu mtasema nini tena.

Pale pale ndo akanipa habari ya vita, na hii naomba muisome maana mimi nimesoma historia mpaka kidato cha sita na nilikuwa najua mstari mmoja tu. Tarehe 2 Novemba 1914 Waingereza walikuja na meli za vita kuiteka Tanga, jeshi la watu kama 8,000, wengi wao askari kutoka India waliokaa baharini wiki kadhaa wanatapika, jenerali wao anaitwa Aitken. Badala ya kushuka kimya kimya, kapteni wa meli yao moja anaitwa Caulfeild akaingia kwanza bandarini kuwaambia Wajerumani tunakuja, jisalimisheni, na eti akauliza kama wametega mabomu majini. Mnaelewa? Mwizi anabisha hodi anauliza kama una mbwa. Mjerumani akajibu kwa kuzungusha maneno, huku nyuma kamanda wao von Lettow-Vorbeck anapakia askari kwenye treni kutoka Moshi, ile reli sasa imepata kazi. Mpaka Waingereza wanashuka Ras Kazone, wenzao washajipanga, kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 4 ndo mtiti wenyewe, na katikati ya risasi mizinga ya nyuki ikaharibika, nyuki wakatoka wakaanza kung'ata kila mtu bila kuangalia bendera. Tarehe 5 Waingereza wakarudi melini mbio wakaacha bunduki za rashasha 16, bunduki 455 na risasi 600,000, ambazo Mjerumani alizichukua akashukuru akaendelea kupigana nazo, na vita yake na Waingereza haikuisha mpaka 1918.

Baba mdogo anasema wale nyuki walikuwa wa Kidigo, walijua mgeni ni nani. Mi nashangaa kitu kingine, pale ufukweni Ras Kazone siku hizi watoto wanaogelea, watu wanakula mihogo, na nilivyouliza vijana watatu tofauti mmoja tu ndo alikuwa anajua kuna vita ilipigwa pale. Makaburi ya kumbukumbu yapo mjini, ukienda utakuta majina ya Kihindi yamepangwa, watu waliotoka huko kwao Punjab na Kashmir kuja kufa kwenye minazi ya Tanga kwa ugomvi wa Mzungu na Mzungu. Nenda asubuhi, jua la mchana pale halina adabu.

Mapango ya Amboni tulienda siku ya pili, kilomita kama 8 kaskazini njia ya kwenda Horohoro. Hapa nasema wazi kijana aliyetuongoza alikuwa kiboko, anajua kazi yake na anajua kuchekesha. Ni mapango ya chokaa ya mamilioni ya miaka, enzi hizo yote ilikuwa chini ya bahari, na linalotumika kutembeza wageni ni moja tu kati ya kadhaa. Ndani giza la kweli sio la umeme kukatika, anakumulikia tochi ukutani anakuambia hii ni mamba, hii meli, hili kochi, na ukishaambiwa unaona kweli. Kuna sehemu ya matambiko bado watu wanaweka vitu vyao, marashi, vitambaa, hela, tulipita tumenyamaza. Kuna sehemu unapita kwa kutambaa, na hapo ndo nilijuta kwa ule ubwabwa wa asubuhi. Popo wapo wengi.

Na stori zake ndo tamu zaidi. Akatuambia hadithi ya mjini kwamba pango moja linatokea Mombasa, na jingine Kilimanjaro, Wazungu waliingia na mbwa wao wakapotea mbwa akaja kuonekana mbali huko. Halafu yeye mwenyewe anacheka anasema wataalamu walikuja kupima 1994, refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Nilimpenda kwa hilo, angeweza kutuacha na uongo mtamu. Kilichokuwa kweli ni Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi, miaka ya hamsini walijificha humo serikali ya mkoloni inawatafuta, wapo wanaowaita majambazi na wapo wanaowaita wapigania uhuru, inategemea babu yako alikuwa upande gani. Vaa viatu vyenye meno, usivae kandambili kama mimi, pale chini panateleza na kinyesi cha popo hakina msamaha. Kiingilio cha mzawa hakiumi.

Jioni ya siku hiyo ilikuwa ya kula na hapa nusu ya pili ya maksi ikakatika. Tuliingia hoteli moja ya kuonekana, meza zina vitambaa, tukaagiza changu wa kupaka, tukakaa saa nzima na dakika 20, mhudumu kila tukimuuliza anasema "anageuzwa sasa hivi", samaki gani anageuzwa saa nzima. Kaja amekauka, nazi imejitenga mafuta, bili 46,000 kwa watu wawili. Kesho yake kwa mama mmoja wa kibandani tumekula ubwabwa wa nazi, maharage ya nazi, samaki na mchicha kwa hela ambayo hata sitaitaja asije akapandisha. Mihogo ya kukaanga ya ufukweni na pilipili ya kusaga na ukwaju usiikose. Na kahawa.

Kahawa ya Ngamiani ni ibada. Birika kwenye makaa, vikombe vidogo, kashata, benchi, wazee. Tulikaa usiku kama saa tatu hivi wanabishana mpira, Coastal Union na African Sports, Coastal walichukua ubingwa wa nchi 1988 na pale benchini ni kama walichukua jana, wanakutajia kikosi kizima na nani alikuwa na goti bovu. Nikawauliza maana ya ule msemo wa mji wao, Tanga waja leo waondoka leo. Nilijuta. Mmoja anasema ni kuwasifu wageni wenye adabu ya kutochosha mwenyeji, mwingine anasema ni kejeli, mgeni anasema naondoka leo halafu hata mwaka kesho yupo, kaoa na kazaa, wa tatu anasema ni mambo ya majahazi na upepo. Mzee mmoja kanyamaza muda wote akamkazia macho baba mdogo halafu akamwita kwa jina la utani ambalo sijawahi kulisikia maisha yangu yote. Walikuwa shifti moja, 1984. Nililipa kahawa nikaenda kulala nikawaacha.

Siku ya tatu Tongoni, kusini njia ya Pangani, kama kilomita 17 hivi. Njiani unapita Machui alikozikwa Shaaban Robert, dereva wa bajaji alituonyesha kwa mkono tu na tukapita, naomba radhi kwa walimu wangu wa Kiswahili. Tongoni ni magofu ya msikiti na makaburi kama 40 ya Waswahili wa zamani, ya nguzo, nyingi zimeanguka zimelala chini kama minazi iliyokatwa. Mji ulikuwa na maisha karne ya 14 na 15, na wakati huo Tanga hii ya leo haikuwa lolote. Vasco da Gama alipita hapo 1498 meli yake moja São Rafael ikakwama kwenye mafungu ya mchanga karibu na hapo, aliporudi kutoka India Januari 1499 mabaharia wake wengi washakufa, watu hawatoshi kuendesha meli zote, akaichoma moto hiyo hiyo São Rafael hapo hapo. Ukisimama unaona mikoko na bahari tu, kimya, kuku wa kijiji wanapita kati ya makaburi. Kwa mpenda vitu vya zamani ni dhahabu, kwa mtu aliyekuja na watoto wa kutaka bembea ni dakika kumi na tano na lawama.

Kwahiyo nani aende Tanga? Kama unataka disko na fukwe zenye vitanda vya jua nenda Zanzibar kaka. Kama unapenda kuambiwa vitu, nenda, ila lipa mtu wa kukutembeza, usizunguke mwenyewe, au tafuta mzee wa mji umnunulie kahawa, utapata zaidi ya tiketi ya makumbusho yoyote. Siku mbili zinatosha mjini, ya tatu Tongoni, ukiwa na ya nne unganisha Pangani. Msimu wa machungwa ya Muheza nunua wakati wa kurudi gari likisimama, dirishani, gunia dogo, bei unakata nusu.

Tiketi za kurudi nilikata mbili. Asubuhi nagonga mlango wa baba mdogo, hayupo, kitanda hakijalaliwa. Napiga simu anapokea yuko barabara ya 12 anakunywa chai kwa yule mwenzake wa matishari, ananiambia we tangulia mwanangu mimi ntakuja Jumatano. Hakusema Jumatano ipi. Siti yake konda kaiuza kabla hatujatoka Kange, na hela hajanirudishia.